Detekteri Iliyozoea Makofi

Mwiba hauna umbo la kumtisha mtu. Huingia mguuni kimyakimya, na mwenye mguu husema atautoa jioni akishamaliza kazi. Jioni ikifika, husema atautoa kesho. Si kwamba ni mvivu wala si kwamba hana akili. Ni kwamba bado anaweza kutembea. Wahenga wetu waliliona jambo hilo zamani wakalitungia methali, na huko Likasi, katika nchi ya shaba, yuko mlinzi mmoja ambaye hahitaji kufafanuliwa methali hiyo. Mwiba alioudharau yeye ulimchoma mtoto wa mwenziwe.

Mlinzi huyo aliitwa Ambroise. Alikuwa mtu mzima, mrefu, mwenye sauti ya upole na mvi zilizoanza kumpambazukia kichwani. Ujanani alifanya kazi katika kiwanda cha kuyeyushia shaba, akaoa na kusomesha kwa mshahara wa kiwanda hicho. Siku moja wafanyakazi walikusanywa uwanjani, majina yakasomwa, na kila aliyesikia jina lake alirudi nyumbani bila kazi. Jina la Ambroise lilisomwa. Miaka iliyofuata ilikuwa ya tabu tupu: leo kuchoma makaa, kesho kubeba mawe ya chokaa kule Kakontwe, keshokutwa kushinda na njaa. Masista wa parokia walipompa kazi ya kulinda lango la kituo chao kidogo cha afya, aliishika kwa mikono miwili kama mtu aliyeokolewa mtoni.

Naye aliifanya vizuri. Mjamzito akishuka kwenye pikipiki, Ambroise alikuwa wa kwanza kumshika mkono. Mzee akija akitetemeka, alimpa kiti chake mwenyewe. Hakuna aliyemsikia akimfokea mgonjwa.

Mle kituoni kulikuwa na detekteri, yaani kile kifaa cha mkononi, mfano wa mwiko mpana, ambacho mlinzi hukipitisha mwilini mwa mtu nacho hulia kikikuta chuma. Masista walikinunua baada ya mlevi mmoja kuingia wodini na kisu akimtafuta mtu waliyegombana naye baani. Tangu siku hiyo, kila mgeni aliyekuja kutazama wagonjwa alipitishiwa detekteri langoni.

Msimu wa mvua, wakati Ambroise akikimbia kumfunika mgonjwa mwavuli, kifaa kilimponyoka kikatumbukia katika mfereji wa maji. Alikiokota, akakifuta kwa shati, akakianika juani. Kiliwaka. Lakini tangu hapo kikawa na tabia ya kusinzia. Mara taa yake ya kijani ilikuwa inawaka, mara imezimika. Ambroise alifungua kifuniko, akaona betri ya mraba imekaa, na kofia yake ya waya imekaa juu yake, ila inachezacheza kama jino la mtoto. Alikunja kipande cha karatasi, akakisokomeza pembeni ili kiibane. Kifaa kilipozimika tena, alikipiga kofi ubavuni, nacho kikaamka. Basi kofi likawa ndiyo dawa. Detekteri ikazoea makofi, na Ambroise akazoea kuyatoa.

Mbele ya lango, ng'ambo ya barabara, kijana aitwaye Jeancy alikuwa na meza yake ya kutengenezea simu na redio chini ya mwavuli mkubwa. Kila siku aliona makofi yale. Mwishowe alishindwa kuvumilia, akavuka barabara.

"Papa Ambroise, ile mashini haiko mbuzi ya kupiga," alisema. "Uniletee niangalie pale betri inakamata. Ni kazi ya dakika."

Ambroise alicheka akamwambia atailetea kesho. Kesho ikawa kesho nyingine. Ukweli ni kwamba hakutaka kuipeleka. Kifaa kilikuwa mali ya masista, na asingeweza kukivusha barabara bila kumwambia Masere Marceline, yule sista mkubwa wa kituo, kwamba kilikuwa kimeanguka majini mikononi mwake. Masere hakuwa mkali. Hata hivyo, kila Ambroise alipofikiria kwenda kugonga mlango wa ofisi yake, aliusikia tena ule mkutano wa kiwandani na sauti iliyokuwa ikisoma majina. Akabaki langoni. Isitoshe, alijiambia, kasoro yenyewe ni ndogo, na kofi moja linatosha.

Kiangazi kikaingia. Asubuhi moja ya mwezi wa saba, baridi ikiuma na vumbi jekundu likipanda kila gari lilipopita, alikuja mwanamke amebeba mtoto ndani ya kitenge. Jina lake Reine. Alikuwa muuza maandazi sokoni, na mumewe, Franck, alikuwa akichimba madini kule Kambove na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi tu. Mtoto, Elikia, alikuwa bado hajatimiza miaka mitatu. Mate yalikuwa yakimtiririka mfululizo hadi begani mwa mama yake, na kila alipojaribu kuyameza alikunja uso na kulia kilio kidogo kisicho na nguvu. Ambroise hakuwapitishia detekteri. Aliwafungulia lango, akawatangulia mwenyewe hadi kwa muuguzi.

Muuguzi wa zamu alikuwa Clotilde, mwanamke mtaratibu aliyezalisha nusu ya watoto wa mtaa ule. Alimpima Elikia homa, akakuta hana. Alimulika koo, hakuona kidonda. Alimpa maji kwa kijiko, maji yakarudi. Akamuuliza Reine kama mtoto alikuwa ametia kitu mdomoni. Reine alisema hajui. Alfajiri alikuwa uani akikaanga maandazi, mtoto akicheza ndani peke yake, na aliporudi alimkuta akikohoa na kutokwa mate. Usiku uliopita walikuwa wamekula samaki wadogo.

Dawa ya wasiwasi kama ule ni picha ya eksirei. Lakini umeme ulikuwa umekatika mji mzima tangu jana yake, na jenereta ya kituo ilikuwa imefunguliwa kwa fundi. Hapo ndipo Clotilde alipokumbuka jambo alilofundishwa katika semina: detekteri ya mlinzi inaweza kugundua chuma kilichomezwa na mtoto, tena inaonyesha kimefika wapi. Akamwita Ambroise.

Ambroise alikuja mbio. Alipokuwa akikaribia mlango alitupia macho kifaa, akaona taa imezimika. Alikiweka nyuma ya mgongo akakipiga kofi. Taa ikawaka.

Clotilde alinyoosha mkono kukipokea, akamtazama usoni. "Papa Ambroise, hii detekteri inatumika muzuri?"

Lilikuwa swali jepesi. Jibu lake la kweli lilikuwa kwenye ncha ya ulimi: inatumika, lakini ina ugonjwa. Ambroise aliona taa ya kijani. Aliona pia kwamba Masere Marceline alikuwa amesimama dirishani akitazama. Jibu la kweli akalimeza.

"Inatumika, Mama Clotilde," alisema.

Clotilde alikipitisha kifaa shingoni mwa mtoto, akashuka kifuani, akashuka tumboni. Kimya. Akarudia toka juu hadi chini. Kimya vilevile. Alishusha pumzi, akamwambia Reine kwamba chuma hakuna, na kwamba huenda mwiba wa samaki ndio uliokwaruza koo. Akampa dawa ya maumivu, akamwagiza arudi kesho umeme ukirudi ili wapige picha, au arudi mara moja hali ikibadilika. Reine alimshukuru Mungu kwa sauti, akamfunga mtoto mgongoni. Ambroise aliwafungulia lango. Alimtazama Elikia akienda, kichwa kimelala upande, mate yakilowesha kitenge, na moyo wake ukatulia kama wa mtu aliyeponea chupuchupu.

Haukutulia muda mrefu. Kabla ya adhuhuri alifika mwanamume aliyekuja kumtazama mkewe. Alikuwa mwenye bohari, na kiunoni alining'iniza rundo la funguo lililolia kama kengele kila alipopiga hatua. Ambroise alimpitishia detekteri. Haikulia. Aliipitisha tena juu ya funguo zenyewe. Haikulia. Akaitazama, akaona taa imekufa. Aliipiga kofi, taa ikawaka, akaipitisha mara ya tatu nayo ikapiga kelele hadi wagonjwa waliokuwa barazani wakageuka.

Mgeni aliingia zake. Ambroise alibaki amesimama. Polepole alikishika kile kifaa kwa kukilaza, taa ikabaki; akakisimamisha wima, taa ikazimika. Akalaza tena, akasimamisha tena. Ndipo picha ilipomjia mbele ya macho: Clotilde akiwa amekishika kifaa wima juu ya kifua cha mtoto, kama mtu anavyoshika mshumaa. Kifaa hakikukosa chuma. Kifaa kilikuwa kimesinzia.

Aliketi kwenye kiti chake. Nafsi moja ilimwambia anyamaze: huenda ni mwiba wa samaki kweli, na kesho kutakuwa na picha. Nafsi nyingine haikusema neno. Ilimwonyesha tu yale mate yakilowesha kitenge. Akafikiria kazi yake, akafikiria makaa na mawe ya chokaa. Kisha akapiga moyo konde, akasimama, akaacha lango wazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaenda ndani.

Alimkuta Clotilde akisafisha kidonda cha mgonjwa. Hakungoja amalize.

"Mama Clotilde, miye nilikudanganya. Detekteri iko na ugonjwa. Ukiisimamisha inazima. Wakati ulikuwa unapima ule mutoto, ilikuwa imekufa."

Clotilde aliiweka chini koleo. "Tangu siku gani?"

"Tangu mvua."

Angemfokea, Ambroise angepata nafuu. Clotilde hakumfokea. Alivua glovu, akampigia Reine simu. Simu ya Reine ilikuwa imezimika, kama simu nyingi za mji siku ile isiyo na umeme. Akamweleza Ambroise kwa maneno machache kwamba kama mtoto amemeza chuma, ni lazima wajue kiko wapi. Kikiwa tumboni, kitatoka chenyewe. Kikiwa kimekwama kwenye njia ya chakula, ni lazima aende Lubumbashi leo hii kwa daktari mwenye mpira wa kukitoa. "Peleka kwa Jeancy," alisema. "Mbio. Miye niko natafuta pikipiki."

Ambroise alivuka barabara bila kutazama magari. Jeancy hakuuliza maswali. Alifungua kifuniko, akatoa kile kikaratasi kilichokunjwa na kukiweka mezani mbele ya mwenyewe. Chini yake mambo yalikuwa wazi. Vile vishikizo viwili vya kofia ya betri vilikuwa vimefanya kutu ya kijani kwa sababu ya maji, tena vilikuwa vimetanuka hata havikukamata tena vichwa vya betri. Waya mwekundu ulikuwa umekatikia ndani ya ganda lake, ukabaki umeshikana kwa unyuzi mmoja tu, mwembamba kama unywele. Kifaa kikilazwa, ule unyuzi uligusa, kikisimamishwa, uliachia. Makofi yote yale yalikuwa yakiukata zaidi.

Jeancy alikwangua kutu kwa msasa hadi shaba ikang'aa, akapangusa kwa spiriti. Akavibana vishikizo kwa koleo ndogo. Akaukata waya mahali palipooza, akamenya ganda hadi kwenye nyuzi nzima, na kwa kuwa chuma chake cha kulehemu kilitumia betri ya sola, ukosefu wa umeme haukumzuia. Moshi mdogo ulipanda, tone la risasi likapoa, waya ukashika. Mwisho alikata kipande cha sponji akakilaza juu ya betri isitikisike. Alikisimamisha kifaa, akakilaza, akakipindua, akakitikisa kama chupa ya dawa. Taa haikupepesa. Akakipitisha juu ya skrubu ndogo ya simu, ndogo kuliko punje ya mchele, nacho kikalia.

"Njo vile tu, imeisha," Jeancy alisema, akamrudishia. "Ilikuwa ni hii kazi ya dakika nilikuambia, Papa."

Ambroise alikikumbatia kifaa kifuani, akarudi mbio, na muda si muda yeye na Clotilde walikuwa juu ya pikipiki wakielekea mtaa wa Reine, njia ya Kakontwe, malori ya chokaa yakiwamwagia vumbi jeupe hadi wakafanana na watu waliotoka kusaga unga.

Walimkuta Reine ameketi kizingitini, mtoto mapajani, bakuli la uji wa baridi kando bila kuguswa. Elikia hakuwa akilia tena. Alikuwa akipumua kwa kukoroma na kutazama mbali. Clotilde hakupoteza muda kwa maelezo. Alimlaza mtoto mkekani, akaanzia tumboni. Kimya. Taa ya kijani ilikuwa imara. Akapanda taratibu. Kifaa kilipofika juu ya kifua, chini kidogo ya pale mifupa ya mabega inapokutana, kililia kwa sauti kali isiyokatika.

Reine alitazama kile kifaa, akamtazama muuguzi, kisha Ambroise. Clotilde alimwomba alete vitu vyote vya chuma ambavyo mtoto huchezea. Reine alileta mkebe: vizibo vya chupa, kijiko, bangili, na rimoti ndogo nyembamba ya redio ya Franck. Clotilde aliigeuza rimoti. Droo yake ilikuwa imechomoka, na ile betri yake bapa, ya duara kama kifungo cha koti, haikuwemo.

Hapo Clotilde alibadilika rangi. Alikuwa amefundishwa kwamba betri ya namna ile ikikwama kooni haikai tu kama jiwe. Huanza kuunguza nyama, kama magadi makali, na kila saa inayopita huchimba zaidi. Alipiga simu kituoni kuomba gari la parokia. Akauliza kama kuna asali. Jirani mmoja alikuwa na chupa ya asali ya pori kutoka Kapolowe, akaileta mbio. Clotilde alianza kumpa Elikia kijiko kimoja kimoja, akieleza kwamba asali itailainisha ile sumu wakiwa njiani.

Masere Marceline alikuja mwenyewe na gari. Reine hakuwa na mwanamume wa kumsaidia huko waendako, basi Ambroise aliomba aende, na Masere akamfungulia mlango wa nyuma. Safari nzima Ambroise alishika ile chupa ya asali huku Clotilde akinywesha. Nyasi kavu za kiangazi zilipita dirishani, vijiji vikapita, malori ya shaba yakawazuia njia na kuwaachia. Reine aliimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini, wimbo mmoja ukiingia katika mwingine, bila kumaliza hata mmoja.

Jua lilikuwa bado juu walipofika Lubumbashi. Hospitali ilikwishapigiwa simu. Mtoto alipokelewa mlangoni, na mlango mwingine ukafungwa nyuma yake. Walikaa kwenye benchi refu. Baada ya muda uliowachosha kuliko safari, daktari alitoka na kijisahani. Ndani yake palikuwa na kile kidude cha duara, ambacho zamani kiling'aa kama fedha na sasa kilikuwa cheusi kama kaa la moto lililozimika. Alisema kimetoka, na mtoto yu hai. Asali ilisaidia. Lakini njia ya chakula imeungua upande mmoja. Atakula kwa mrija kwa muda, na baadaye huenda njia ikasinyaa ikabidi itanuliwe mara kwa mara. Kisha, kwa kuwa hakujua ni nani aliyeketi pale, aliongeza kwamba kama angeletwa asubuhi, pengine wangekuta wekundu tu.

Daktari alipoondoka, Reine alifunika uso kwa kitenge. Ambroise angeweza kuliacha neno lile lipite. Masere na Clotilde walikuwa wamekwenda kwenye dirisha la malipo, na Reine hakuwa ameelezwa kwa nini kifaa kilekile kilinyamaza asubuhi na kulia mchana. Lakini mwiba ukishaonekana, kuuacha ni dhambi ya pili. Alisogea, akapiga goti moja kwenye sakafu, akamweleza yote: mfereji, karatasi, makofi, na lile neno "inatumika" alilolisema mlangoni.

Reine alimsikiliza hadi mwisho. Kisha alisema, bila kupandisha sauti, "Mutoto wangu iko muzima, Papa. Kwa ile ninamushukuru Mungu. Lakini weye, usinisemeshe leo."

Ambroise alikubali kwa kichwa, akaenda kuketi mwisho wa benchi.

Waliporudi Likasi aligonga ule mlango wa ofisi aliouogopa tangu mvua. Alitarajia kusomewa jina. Masere Marceline alimsikiliza, akavua miwani. Kisha alimwambia kwamba kilichomuuma si kifaa kuanguka, maana kila mkono huangusha. Ni kwamba mtu aliyefanya naye kazi miaka yote hiyo aliona ni heri kumdanganya muuguzi kuliko kumwambia yeye ukweli. Akaongeza kwamba huenda naye alikuwa na kosa, kama mlango wake ulionekana mgumu kiasi hicho. Hakumfukuza. Alimtaka awasimulie wafanyakazi wenzake jambo lote kwa mdomo wake mwenyewe, na wote waseme kila kitu kinachocheza, kinachovuja na kinachosinzia humo kituoni. Wiki ile walitengeneza mambo mengi ambayo kila mtu alikuwa ameyazoea: kitanda kilichofungwa kamba, taa ya chumba cha kuzalia, na mzani uliodanganya.

Elikia alirudi nyumbani akiwa amekonda, na mrija puani. Franck alishuka kutoka Kambove, akamtafuta Ambroise langoni kwa hasira. Ambroise hakujitetea. Wanaume wale wawili walisimama wakitazamana, hata Franck akaanza kulia badala ya kupiga. Tangu hapo, kila Jumapili baada ya misa, Ambroise na mkewe walikwenda njia ya Kakontwe na unga wa soya na maziwa kwa ajili ya uji mwepesi. Jumapili za mwanzo Reine alipokea mfuko mlangoni na kufunga mlango. Baadaye alianza kusema asante. Baadaye sana akaanza kuwawekea viti. Elikia alipelekwa Lubumbashi mara kadhaa kutanuliwa njia ya chakula, na kila mara alirudi na sauti iliyokwaruza kama ya mtu mzima mwenye mafua.

Mvua zilirudi, mahindi mabichi yakajaa sokoni, kisha mvua zikaondoka tena. Jumapili moja, Ambroise na mkewe walipofika, Reine hakuwapokea mfuko. Aliwakaribisha ndani, ambako meza ilikuwa imeandaliwa bukari ya moto, yaani ugali, na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Akamega tonge dogo kuliko kidole, akalichovya, akampa Elikia. Mtoto alilitafuna kwa muda mrefu, kwa umakini wa mzee. Alifumba macho, akameza. Uso ulikunjamana kidogo, kisha ukakunjuka, naye akafungua mdomo kuomba lingine.

Reine alimtazama Ambroise, machozi yakimlengalenga. "Kula, Papa," alimwambia. "Bukari inapoa."

Ambroise aliketi, akanawa, akamega tonge lake la kwanza. Alikuwa akimtazama yule mtoto akijifunza upya, kwa maumivu, kazi ambayo kila kiumbe huzaliwa akiijua. Na yote hayo kwa ajili ya waya mmoja uliokuwa ukicheza, uliohitaji tone moja la risasi na ukweli wa neno moja. Kweli, mdharau mwiba mguu huota tende.